Blakjeki: sheria za meza, plastiki ya kukatia na wahesabu karata (maswali ninayoulizwa kila siku hapa Mwanga)

Niligawa karata kwenye kasino Dar miaka sita, sasa hivi nipo zangu Kigoma nauza kava za simu na chaja pale Mwanga, na tangu vijana wajue nilikuwa dila (mgawa karata) sipumziki. Mtu anakuja kununua chaja ya elfu tano anakaa saa nzima anauliza blakjeki. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa, ukija dukani ununue chaja tu. Kwa asiyeujua mchezo: wewe unashindana na dila nani ana jumla iliyo karibu zaidi na 21, ukizidi 21 umepasuka, dau limekwenda.

## Mwanzo kabisa

Kuhesabu karata ni kukariri karata zote zilizotoka?

Hapana bana, hakuna mtu anakariri karata 312 za pakiti sita. Unachofuatilia ni uwiano, kwamba zilizobaki kwenye boksi la kugawia ni kubwa nyingi au ndogo nyingi. Njia inayotumiwa na wengi ni hii: ikitoka 2 mpaka 6 unaongeza moja, ikitoka 7, 8 au 9 unaiacha, ikitoka 10, picha yoyote au ree (vijana mnaita esi) unatoa moja. Unajumlisha kimya kimya kichwani huku unaongea na jirani habari za Simba na Yanga.

Kwenye pakiti moja ndogo ziko 20 na kubwa ziko 20, kwa hiyo ukihesabu pakiti nzima lazima urudi sifuri. Usiporudi sifuri umekosea, rudia.

Sasa karata kubwa zikibaki nyingi dila naye si anazipata hizo hizo? Faida yangu iko wapi?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote na wengi hawaliulizi. Ni kweli dila naye anapata blakjeki (ree na karata ya kumi kwenye karata mbili za kwanza) mara nyingi zaidi, ila yeye akipata anakula dau lako tu, wewe ukipata unalipwa dau na nusu. Hiyo ni moja. Ya pili, dila akiwa na 12 mpaka 16 hana hiari, lazima aongeze karata, na boksi likijaa makumi (10 na picha) anapasuka, wakati wewe unaweza kubaki na 13 yako umetulia. Ya tatu, ukiwa na 10 au 11 unadabo (unaweka dau mara mbili, unapewa karata moja tu), na kudabo kunanoga pale makumi yakiwa mengi.

Angalia lakini, zote tatu zinategemea sheria za meza. Ukipunguziwa malipo ya blakjeki ile sababu ya kwanza inakonda, ukikatazwa kudabo ya tatu inakufa. Ndio maana huwa nawaambia vijana waache kwanza mazoezi ya kuhesabu, wajifunze kusoma meza.

Nimehesabu nina +6, ni nzuri?

Inategemea kimebaki nini. Hiyo +6 mimi naiita hesabu mbichi, haijaiva mpaka uigawe kwa idadi ya pakiti zilizobaki. Zikiwa zimebaki pakiti 5, sita kwa tano ni moja na kidogo, huna kitu. Zikiwa zimebaki 2, ni +3, hapo unaongeza dau. Kila +1 iliyoiva inakusogeza kama nusu asilimia hivi upande wako. Ikae kichwani hiyo, karibu majibu yote huku chini yanasimama juu yake.

## Sheria za meza

Nikifika kwenye meza niangalie nini kwanza?

Kitambaa. Usimwangalie dila, usiangalie chipsi za watu, soma kitambaa. Pale katikati kumeandikwa blakjeki inalipa ngapi na dila anafanya nini akiwa na 17. Kama inalipa 3 kwa 2, endelea kusoma. Kama inalipa 6 kwa 5, nyanyuka.

6 kwa 5 si ni kubwa kuliko 3 kwa 2? Namba zenyewe kubwa!

Nacheka lakini nimeulizwa hili zaidi ya mara kumi, na wenye meza wanajua watu wanafikiria hivyo. Weka dau la elfu kumi. Kwa 3 kwa 2 blakjeki inakupa 15,000. Kwa 6 kwa 5 inakupa 12,000. Umeibiwa buku tatu ukiwa umeshinda! Blakjeki inakuja kama mara moja kwenye mikono 21, kwa hiyo ukicheza mikono 70 kwa saa unaacha pale karibu elfu kumi kila saa kwa sheria hiyo moja tu, bila kukosea chochote.

Kwa asilimia inaongezea nyumba, yaani kasino, kama 1.4. Meza nzuri ya pakiti 6 nyumba inakuzidi kama nusu asilimia kwa mtu anayecheza kwa kanuni bila kuhesabu. Ongeza hiyo 1.4 unakaribia 2. Sasa kama kila +1 ni nusu asilimia, unahitaji +4 iliyoiva ili tu muwe sawa na nyumba, hujaanza hata kupata. Na +4 haiji kila siku, unaweza kukaa jioni nzima ukaiona mara mbili. Tena mhesabu anaumia kuliko mtu wa kawaida, maana blakjeki zake nyingi zinakuja akiwa ameweka dau kubwa, na hapo ndipo wanapomkata.

"Dila anaongeza kwenye 17 laini" maana yake nini na ina uzito gani?

17 laini ni ree na 6, ile ree inaweza kuwa 11 au 1. Meza nyingine dila anabaki nayo, nyingine anaongeza. Akiongeza anapasuka kidogo zaidi ya kawaida, ila mara nyingi zaidi anaishia 18 mpaka 21, kwa hiyo inakugharimu kama asilimia 0.2. Inauma ila inavumilika. Mhesabu anaweza kukaa kwenye meza hiyo kama mambo mengine yako vizuri, hasa plastiki, nakuja kwenye plastiki.

Kuna meza dila hachukui karata ya pili mpaka sisi tumalize. Ni wizi?

Sio wizi, ni mtindo wa Ulaya, na hata mimi nilifundishwa kugawa hivyo. Tatizo linakuja ukidabo au ukipasua jozi (kuigawa iwe mikono miwili kwa dau la pili), halafu mwishoni dila anageuza blakjeki, anabeba dau lote na lile uliloongeza. Gharama yake ni kama asilimia 0.1 ukirekebisha uchezaji: usidabo 11 mbele ya 10 au ree ya dila, na usipasue 8 mbili mbele ya hizo hizo. Mtu aliyejifunza kwa video za Marekani anakuja na kanuni za kule, anapasua 8 mbele ya picha, tunamla mara mbili. Niliona hiyo kila wiki. Sehemu nyingine wanakurudishia lile dau la ziada, uliza kabla hujakaa.

Kudabo, kupasua, kusarenda, hizo zina uzito gani?

Kila moja ndogo ndogo, ila zikijumlishwa zinaonekana. Kuruhusiwa kudabo baada ya kupasua kunakupa kama 0.14. Wakikuambia unadabo 10 na 11 tu wamekutoa kama 0.2. Kupasua tena ree ni chini ya 0.1.

Kusarenda, yaani kutupa mkono ukapoteza nusu ya dau, kwa mchezaji wa kawaida ni chini ya 0.1, wengi hawakutumii hata kidogo, wanaona ni uoga. Kwa mhesabu kuna thamani zaidi ya hapo. Fikiria, umeweka dau kubwa kwa sababu makumi yamejaa, halafu umepata 16 na dila ana 10. Mkono mbovu kuliko yote, siku mbovu kuliko zote. Kuokoa nusu ya dau kubwa sio sawa na kuokoa nusu ya dau dogo.

Pakiti moja ni bora kuliko sita, si ndiyo?

Kwa karatasi ndiyo, tofauti ni kama nusu asilimia sheria zingine zikiwa sawa. Shida ni kwamba haziwagi sawa. Meza za pakiti moja siku hizi nyingi zinalipa 6 kwa 5, kwa hiyo wamekupa nusu kwa mkono wa kulia wamechukua moja na nusu kwa wa kushoto. Halafu wanachanga upya baada ya mikono miwili mitatu. Mimi unipe pakiti 6 zenye 3 kwa 2.

## Plastiki ya kukatia

Hiyo plastiki mnayoisema ni ipi?

Ni kile kikaratasi cha plastiki, kinakuwa cha njano au chekundu, dila anakichomeka kwenye karata baada ya kuchanga. Karata zikifika pale, mkono huo unamalizwa halafu zinachangwa upya. Zilizo nyuma ya plastiki hazichezwi. Kwa hiyo pakiti 6 zikikatwa pakiti moja na nusu, mnacheza 75% ya karata. Zikikatwa mbili, 67%. Zikikatwa tatu, nusu.

Lakini mteja si ndiye anapewa akate?

Unapewa ukate ndio, ila usijidanganye. Kukata kwako kunahamisha tu karata za juu kwenda chini. Baada ya hapo dila anaichukua plastiki na kuiweka nyuma pale anapotaka yeye, au tuseme pale bosi wake anapotaka. Kina ni chao.

Kwa nini wahesabu wanaijali hivyo? Si karata ni zile zile?

Chukulia umepanda boti ya dagaa pale Kibirizi, kuna magunia sita, unajua jumla nusu ni mazuri na nusu yameingia mchanga, ila yamechanganywa. Ukifungua matatu ukakuta mchanga tupu, unajua yaliyobaki ni mazuri, na bei unapandisha. Sasa wakikuambia ukishafungua matatu biashara imefungwa, ule ujuzi wako umeupata kwa ajili ya nini?

Kwa namba ni hivi. Rudi kwenye ile +6. Pakiti zikibaki 3 imeiva +2, zikibaki 2 ni +3, ikibaki moja na nusu ni +4. Hesabu mbichi haijabadilika, ni wewe umekwenda chini zaidi. Plastiki ikiwa kwenye tatu, ile +3 na +4 hutaziona kabisa kwa hesabu hiyo, wanachanga wakati chungu kinaanza kuchemka. Na mhesabu hela yake karibu yote inatoka kwenye mikono michache ya mwisho wa boksi, huko mwanzo anasubiri tu na kulipia kiti kwa dau dogo.

Meza yenye sheria mbaya na plastiki nzuri, au sheria nzuri na plastiki mbaya?

Hapa watu wanabishana. Mimi kwa nilivyoona kwa upande wa dila: sheria ndogo ndogo zote nitazisamehe kama plastiki iko kwenye pakiti moja. Dila anaongeza kwenye 17 laini, sawa, hakuna kusarenda, sawa. Lakini plastiki ikiwa katikati, hata meza iwe na sheria za peponi mhesabu anacheza kamari kama wengine. Cha kutosamehe ni 6 kwa 5 tu.

Kulikuwa na mzee mmoja mteja wetu, anakunywa maji tu, akija anasimama nyuma ya meza mikono mfukoni mpaka tuchange. Akiona plastiki imewekwa nyuma kabisa anakaa. Ikiwekwa katikati anasema "haya vijana, kazi njema" anaenda kula samosa. Miezi mingi nilidhani ni mshirikina. Siku moja niliweka plastiki kwa uzembe, nikaacha kama pakiti moja hivi nyuma, yule mzee akakaa mpaka saa nane usiku. Nilichokutana nacho asubuhi yake ofisini sitaki kukumbuka, nikakatwa na posho juu. Kuanzia hapo tukaambiwa wote ni pakiti mbili, na mtu akianza kupandisha dau ghafla ni tatu.

Karata zilizo nyuma ya plastiki sijaziona, haziharibu hesabu yangu?

Haziharibu, zinakupunguzia nafasi tu. Kihesabu karata ambayo hujaiona ni karata iliyobaki, iwe mbele ya plastiki au nyuma yake. Kosa ninaloliona kwa vijana ni kugawa kwa pakiti zilizobaki mpaka kwenye plastiki. Mfano kwenye boksi zimebaki pakiti 3, plastiki iko pakiti moja na nusu kutoka mwisho, una +6. Kijana anagawa kwa moja na nusu anapata +4, anamwaga hela. Sahihi ni +2. Unagawa kwa zote ambazo hujaziona.

Meza ina mashine ya kuchanga. Niondoke?

Mashine ziko mbili, wengi wanazichanganya. Ya kwanza inachanga boksi moja pembeni wakati mnacheza lingine, mkifika kwenye plastiki wanabadilishana. Hiyo haina tatizo, hesabu kama kawaida. Ya pili dila anarudisha karata zilizotumika ndani ya mashine kila baada ya mkono na inagawa hapo hapo. Hiyo haina plastiki, haina mwisho, hesabu yako inarudi karibu sifuri kila mara. Tena kwa sababu hakuna mapumziko ya kuchanga unacheza mikono mingi zaidi kwa saa, yaani unaliwa kwa spidi.

## Meza, watu na hela

Meza imejaa watu saba, nikae?

Kila mkono unakula karata kama 2.7 kwa wastani. Ukiwa peke yako na dila, raundi moja ni karata 5 na kidogo, kwa hiyo pakiti 6 zilizokatwa moja na nusu zinakupa raundi zaidi ya 40. Mkiwa saba ni karata 21 na zaidi kila raundi, mnapata raundi 10 au 11. Plastiki ikiwa katikati ni saba tu. Saba! Hata ikiiva unapata mkono mmoja, wanachanga. Nenda asubuhi.

Naweza kusimama pembeni nahesabu halafu nikakaa ikiiva?

Unaweza, ndiyo njia ya kukwepa kulipia mikono mibovu, ila sehemu nyingi wameweka kibao kwamba huingii mpaka wachange upya. Kibao hicho nacho ni sheria ya meza, kisome pamoja na kitambaa.

Bima nichukue?

Bima ni dau la pembeni kwamba dila mwenye ree ana blakjeki. Kama huhesabu, usichukue hata siku moja, hata ukiwa na blakjeki. Inalipa 2 kwa 1, kwa hiyo inakufaa pale tu makumi yakizidi theluthi moja ya karata zilizobaki, na kwa kawaida ni chini ya hapo. Kwenye pakiti 6 nyumba inakula zaidi ya asilimia 7 kwenye bima. Mhesabu anaichukua kuanzia +3 iliyoiva. Zile beti za pembeni za jozi na rangi, sijui nini, ziache.

Nina laki tano, nipande treni niende Dar nikahesabu?

Dogo, hapana. Nauli peke yake ya kwenda na kurudi, na kula njiani siku mbili, na pa kulala. Halafu hata kwenye meza nzuri faida ni ndogo sana, mhesabu mzuri anategemea wastani wa kama dau moja dogo kwa saa, wakati bahati inamyumbisha madau 30 juu au chini ndani ya saa hiyo hiyo. Dau dogo likiwa elfu kumi, laki tano ni madau 50. Unamalizika kabla chai haijapoa, na utakuwa hujakosea popote.

Kwenye simu je? Blakjeki za mtandaoni zinahesabika?

Zile za katuni zinachangwa upya kila mkono, unahesabu hewa. Zile zenye dila mtu kweli kwenye video, nyingi zinatumia pakiti 8 na plastiki iko kama katikati, rudi juu kwenye swali la sheria nzuri na plastiki mbaya.

Nikishikwa nahesabu napelekwa polisi?

Kutumia kichwa chako sio kuiba. Lakini kasino ni nyumba ya mtu, anaweza kukuambia blakjeki basi, cheza ruleti. Marekani Nevada wanakufukuza wanavyotaka, ila Atlantic City ni tofauti, mahakama kuu ya jimbo la New Jersey iliamua mwaka 1982 kwamba kasino hazina mamlaka ya kumzuia mtu kwa sababu anahesabu. Unajua walichojibu? Kuchanga mapema na kusogeza plastiki. Hawakufukuzi, wanakunyima karata. Kutumia simu au kifaa kukusaidia ni habari nyingine, Nevada ni kosa la jinai tangu 1985, na sisi Dar ukionekana na simu mezani unanyanyuliwa. Na chini ya miaka 18 usiulize, huingii.

Nafanyaje mazoezi nikiwa huku Kigoma?

Pakiti ya karata, ile ile mnayochezea lasti kadi. Toa karata tatu bila kuziangalia, hesabu zilizobaki 49 kwa haraka, halafu sema zile tatu zinajumlisha ngapi. Ukimaliza na +2, zile tatu jumla yake lazima iwe -2. Ukifanya chini ya sekunde 30 bila kukosea, rudia redio ikiwa juu na mtoto analia. Halafu jifunze kukadiria kwa macho urefu wa karata zilizotumika, maana huko ndiko unajua za kugawia, na wengi wanahesabu vizuri wanakosea hapo.

Karata ya kwanza ambayo dila anaitupa pembeni kabla ya kugawa, naihesabu?

Ukiiona, ihesabu. Usipoiona, ichukulie kama iko nyuma ya plastiki. Kuna madila mkono mzito wanaionyesha bila kujua wakati wanaivuta, mimi nilikuwa mmoja wao mpaka yule mzee wa samosa akaniambia siku anayoaga kwamba miaka miwili nzima nilikuwa namuonyesha.